Bakuli la Nne

Watu husema damu nzito kuliko maji.
Hawajashika lango la bwawa la Kilvayal
mwaka ambao mvua ya Aipasi ilitupita
kama tajiri mlangoni kwa mdeni wake,
pua juu, bila salamu.

Kaka yangu Irulappan ndiye aliyelishika.
Alirithi kwa baba, baba kwa babu:
chuma cha kufungulia, mtungi,
na bakuli la shaba lenye tundu dogo kitakoni.
Bakuli huelea mtungini, hujaa polepole, huzama.
Likizama mara tatu, zamu ya shamba lako imekwisha.
Mashamba arobaini na moja. Bakuli moja.

Nilimfuata saa tisa za usiku.
Mpunga wangu ulikuwa umeanza kutoa mashuke.
Nikamwambia: la nne. Bakuli la nne tu, nani ataona?
Hakujibu. Alilitazama lile bakuli
kama mama anayemtazama mtoto mwenye homa.
Lilipozama mara ya tatu, akakaza chuma.
Nikasikia maji yakisita mferejini,
yakageuka, yakaenda kwa mjane Pechi,
ambaye si ndugu yetu, wala hatumdai kitu.

Panguni ilipofika, mpunga wangu ulikuwa chakula cha ng'ombe.
Ikaja sikukuu ya mungu wetu wa kike, mikesha kumi ya mchezo,
na Irulappan, kama kila mwaka, alikuwa yule shujaa
anayeshusha upinde akiona jamaa zake upande wa pili.
Taji la mbao lenye vioo. Njuga miguuni.
Nilikaa mbele. Kwa makusudi.

Zumari likanyanyuka,
ngoma nazo zikashuka,
gari likaja kufika
katikati uwanjani.

"Mwendesha, shika hatamu,
kule naona binamu,
na walimu, na maamu,
mshale nimpe nani?

Tuliokula pamoja
wamejipanga, wangoja;
mkono wangu mmoja
umenifia begani."

"Inuka, mshika uta,
zamu yako yakuita,
haki haina ukuta
wa jamaa na jirani."

Hapo shujaa huokota upinde. Miaka yote huuokota.
Mwaka ule Irulappan alisimama tu.
Mpiga ngoma akarudia. Akarudia tena.
Jasho likachimba mifereji katika rangi ya uso wake.
Watoto wakanong'ona kwamba amesahau maneno.
Alikuwa ananitazama mimi.
Kisha akainama, akauokota
taratibu, vilevile anavyookota kile chuma,
wanawake wakapiga vigelegele,
nami nikajifunga shuka nikaondoka.

Asubuhi, kizingitini kwangu, gunia la mchele.
Siku ya tatu nikamwona mkewe, Sellamma, kisimani:
masikio yake matupu, tundu mbili tu
pale zilipokuwa hereni za harusi.
Tulikula ule mchele. Hatukusema asante.
Mke wangu alilifua gunia, akalikunja, akaliweka juu ya kabati
na halijawahi kubeba kitu kingine.

Tuna neno, dharma. Makuhani hulitamka
kama kitu kilichonyooka, kama uzi wa fundi ujenzi.
Mimi nimelipinda miaka kumi na tisa kichwani.
Ilikuwa lile lango, au zile hereni?
Kama ni lango, kwa nini alete mchele gizani, kama mwizi?
Kama ni mchele, kwa nini shibe yake
haijanisahaulisha bakuli la nne?

Alipokufa, chuma kilikuja kwangu.
Sikukitaka. Hakuna aliyeniuliza.

Mwaka huu tena, Aipasi imepita na pua juu.
Usiku huu zamu ni ya mwanawe.
Amechuchumaa kando yangu, jembe magotini,
mpunga wake umeanza kutoa mashuke.
Bakuli limezama mara mbili.
Hajasema neno.

Ninamsubiri aombe.